Siagi Isiyoitwa Siagi

"Hii si siagi," alisema afisa, huku akiligeuzageuza kopo mkononi kama mtu anayetafuta tundu kwenye sufuria.

Mama Baridi alikuwa amesimama, maana kiti pekee cha wageni kilikuwa kimekaliwa na mafaili. Alijibu kwa adabu kwamba ni kweli, si siagi tupu. Ni nusu mafuta ya maziwa na nusu mafuta ya mimea, ndiyo maana inakuwa laini hata ikitoka kwenye friji, na yote hayo yameandikwa ubavuni mwa kopo kwa herufi zinazosomeka. Afisa akasema ubavuni ni ubavuni, yeye anazungumzia usoni. Usoni pameandikwa SIAGI LAINI YA KUPAKA, na kanuni inasema neno siagi ni la kitu kilichotokana na maziwa peke yake.

Afisa huyu pale ofisini walimwita Bwana Kanuni, na waliompa jina hilo hawakumwonea. Hata kukusalimu hakuweza bila kwanza kutaja kanuni. Alikuwa mtu msafi, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, na alizungumza polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza aliyeletewa mtoto mzito.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kanuni yenyewe haikuwa na ubaya. Walikuwapo matapeli waliokuwa wakitia rangi mafuta ya kukaangia na kuyauza kwa bei ya siagi, watu wakala, matumbo yakawachafuka, wakubwa wakaamka usingizini. Sawa. Lakini Mama Baridi alikuwa muuza maziwa, mtindi na jibini katika duka ambalo mumewe, fundi wa majokofu, alilijaza mafriji mabovu aliyoyafufua kwa mikono yake mwenyewe. Watu wa mtaani ndio waliompa jina hilo la Mama Baridi, kwa heshima. Miaka yote alinunua kwa waagizaji wakubwa, wakimpandishia bei wanavyojisikia. Safari hii akasema, liwalo na liwe, naagiza mwenyewe.

Na katika kontena la baridi lililoleta siagi hiyo, lililokuwa likinguruma bandarini kwa umeme wa kulipia, kulikuwa na kiwanja cha mama mkwe wake. Bibi alikuwa amekiuza. Kiwanja alichokuwa akikipalilia kila msimu, akionyesha kwa kidole hapa jiko, hapa dirisha langu, alikiuza akawapa mwana na mkwe wake, akasema nyumba ya uzeeni itajengwa na siagi.

"Nitabandua vibandiko vyote, niandike upya," alisema Mama Baridi. "Nitajie tu neno mnalolitaka."

Bwana Kanuni akamwambia kwamba kubadilisha vibandiko kunaruhusiwa, wala si dhambi, mradi kufanyike kwenye ghala la baridi lililosajiliwa. Mama Baridi akashusha pumzi. Ghala la namna hiyo analijua, liko karibu, apewe tu kibali cha kuutoa mzigo bandarini. Bwana Kanuni akatikisa kichwa. Kibali cha kutoa mzigo hupewa mzigo ambao vibandiko vyake ni sahihi.

Mama Baridi alidhani hakusikia vizuri.

"Yaani siwezi kuutoa mzigo mpaka nibadilishe vibandiko, na siwezi kubadilisha vibandiko mpaka niutoe mzigo."

"Umeelewa vizuri sana, mama," alisema Bwana Kanuni, na uso wake ulionyesha kufurahi kweli kwamba ameeleweka.

Alipotoka nje alikuwa akitembea haraka kuliko alivyoingia. Si woga, ni hasira. Lakini kilichomchoma zaidi ni kitu kingine, ambacho hangeweza kumweleza mtu yeyote pale mlangoni. Lile neno halikuwa lake.

Siku sampuli ilipofika nyumbani, walikaa watatu mezani, kopo katikati, wakitafuta jina la kuandika. Jina la kiwandani lilikuwa refu na la kigeni, ulimi haulipati. Fundi akasema waite krimu ya mkate. Mama Baridi akasema krimu watu watajipaka usoni, waite mafuta ya mkate. Wakacheka mpaka machozi. Ndipo Bibi akafungua kopo, akachota kwa ncha ya kidole, akaonja, akawatazama kama watu waliopungukiwa.

"Siagi," alisema. "Ingeitwa nini tena?"

Na kweli, ingeitwa nini? Nani kati yetu, tangu azaliwe, aliwahi kuagiza mkate na mchanganyiko? Kila kitu cha njano kinachopakwa kwenye mkate ni siagi, kiwe kimetoka kwa ng'ombe au kwenye pipa. Wakaandika siagi, wakapeleka kwa mchapaji, vibandiko vikatumwa kiwandani, basi.

*

Njoo kesho ikawa ndiyo salamu yake. Dirisha la kwanza lilimpeleka la pili, la pili likamwambia mhusika yuko kikaoni, mhusika alipotoka kikaoni akauliza mbona hukuanza dirisha la kwanza. Vijana ambao angeweza kuwazaa walimwambia "wewe mama, subiri pale" bila kuinua macho kwenye simu zao. Alisubiri pale. Mzigo nao ulisubiri kule, na tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa chini ya kila kopo ikizidi kusogea.

Siku moja njaa ilimuuma akaingia kantini ya watumishi, nyuma ya jengo, ambako wageni waliruhusiwa kukaa iwapo watanunua kitu. Akaomba chai na mkate.

"Niupake siagi?" aliuliza mama wa kantini.

Mama Baridi alilitazama lile kopo kubwa lililokuwa kando ya birika. Alilijua kama anavyoyajua makopo yote ya mji huo. Mafuta ya mimea matupu, bei ya chini kuliko zote, ng'ombe hata hajapita karibu na kiwanda chake. Kabla hajajibu, mkono wenye shati lililonyooshwa ulipita juu ya bega lake na sahani.

"Mimi nipakie siagi pande zote mbili, na usinibanie," alisema Bwana Kanuni.

Hasira ina vituko vyake, wakati mwingine hutoka kwa sauti ya upole kuliko ya mapenzi.

"Mzee," alisema Mama Baridi, "hiyo si siagi."

Mtu akacheka kwenye kona, wakadakia wengine. Bwana Kanuni aliutazama mkate wake, akamtazama yeye, akacheka pia, ingawa macho yake hayakushiriki.

"Mama, kule tuko kazini," alisema. "Hapa tunakula."

Aliyekuwa akicheka kwenye kona alikuwa mkubwa wake, mwanamama mnene mwenye miwani ya kamba, kijiko cha supu mkononi. Alimwita Mama Baridi, akamuuliza ana shida gani, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa limetokea katika jengo lile zima tangu aanze kuja. Kisha akasema, mbele ya watu, kwamba huko ni kumzungusha mtu bure. Mwanamke huyu abandike palepale bandarini, na wewe, Bwana Kanuni, ukamsimamie mwenyewe.

Bwana Kanuni akasema ndiyo mkubwa. Hakumaliza mkate wake. Mama Baridi alimshukuru yule mkubwa karibu amshike miguu, akatoka mbio kwenda kwa mchapaji, na furaha ilivyomjaa hakuona alivyotazamwa mgongoni.

*

Vibandiko vipya vilitoka kwa mchapaji vikiwa kwenye karatasi kubwakubwa, vya kukatwa kwa mkasi. Kila kimoja kiliandikwa jina ambalo ofisi ililipitisha neno kwa neno: MCHANGANYIKO WA MAFUTA WA KUPAKA WENYE SIAGI.

"Mteja akimaliza kulisoma hili," alisema Fundi, "mkate umeshakauka."

Walikuwa wamekaa mezani mume na mke, wanakata. Bibi alikuwa ameambiwa kwamba meli imechelewa. Si vizuri kumdanganya mzazi, lakini walimwogopea. Sasa akatoka chumbani na miwani yake na mkasi wake wa kushonea, akavuta kiti, akasema vidole vyake bado vina kazi. Hawakuwa na la kumzuia nalo. Alikata cha kwanza, akakata cha pili, akakiinua cha tatu kwenye mwanga wa dirisha akakisoma kwa sauti, pole pole, mpaka mwisho.

"Jina limebadilika?"

Fundi akakohoa. Mama Baridi akasema ni mambo ya ofisini tu, mama, wanapenda maneno mengi.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Nambie."

Wakamweleza. Mama Baridi alieleza kwa kuzungukazunguka, akasema kosa ni la mchapaji, ni la ofisi, ni la sheria mpya. Bibi hakuwa mtu wa kuzungukwa. Alisikiliza huku mkasi ukiwa wazi hewani.

"Kwa hiyo ni neno langu."

"Ni neno la watu wote, mama."

"Lakini aliyelisema ni mimi."

Akaendelea kukata. Alikata kwa unadhifu kuliko wao wote, pembe zote sawa, mpaka karatasi zikaisha. Asubuhi yake, kwenye chai, kopo la sampuli lilikuwa mezani kama kawaida, na Bibi alitaka kupaka mkate. Alinyoosha kidole.

"Nipe hicho," alisema.

Mama Baridi alimsogezea, akainuka akaenda jikoni kusikokuwa na shughuli, akasimama akiushika ukingo wa sinki. Mtu kaishi miaka yote hiyo na lugha yake mdomoni, kalea watoto kwayo, kagombana kwayo, leo anaogopa kutaja kitu kilicho mbele ya chai yake. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya nani?

*

Siku ya kubandika, Mama Baridi na Fundi walifika bandarini na vibarua wawili, vibandiko kwenye ndoo, vitambaa vya kufutia, na shuka la kukalia. Bwana Kanuni alikuja akiwa na mlinzi. Akaikata lakiri ya mlango kwa mkasi wa chuma, akaagiza mashine ya kontena izimwe, kwa kuwa kanuni inasema mlango ukiwa wazi mashine hailishwi umeme, kisha akaifungua milango yote miwili mpaka mwisho. Ubaridi ukawapiga usoni, mzuri kama maji. Makopo yalikuwa yamepangwa mpaka juu, meupe, hayajaguswa.

Fundi akachukua boksi la kwanza. Bwana Kanuni akainua mkono. Hakuna kugusa mpaka alete karatasi za kuhesabia, amezisahau ofisini.

"Naja sasa hivi," alisema, akaondoka.

Sasa hivi! Neno hilo nalo wangeliwekea kanuni. Jua lilipanda. Uwanja ule ulikuwa wa saruji, hauna hata mti wa kukusingizia kivuli, na joto lilitoka juu likatoka chini. Fundi akasema basi tufunge tu milango mpaka arudi, kufunga si kugusa. Mlinzi, kijana wa watu, akatazama viatu vyake.

"Mlango umefunguliwa na afisa, utafungwa na afisa," alisema. "Nisameheni. Mimi nina watoto."

Mama Baridi alipiga simu. Bwana Kanuni akasema yuko njiani. Akapiga tena, akasema yuko kikaoni. Akapiga tena, simu ikaita mpaka ikachoka. Alimpigia yule mkubwa wa kantini, akajibiwa na mwingine kwamba amesafiri. Akalichukua lile shuka la kukalia, akamwomba mlinzi walitundike tu mlangoni, shuka si mlango. Mlinzi akageuka akatazama upande wa pili, na hiyo ndiyo ruhusa aliyoweza kuitoa. Wakalitundika. Halikutosha upande mmoja. Fundi alisimama penye ule uwazi, mgongo kwa jua, mikono ameipanua kama mtu anayezuia kuku wasitoke, jasho likimshuka mpaka kwenye mkanda. Mke wake alimwambia aache, mwili wa mtu haufanyi baridi. Alijua. Ndiye fundi, angekosaje kujua? Hakuacha.

Baadaye aliingiza mkono akashika kopo moja, akalishika muda, akalirudisha mahali pake taratibu. Mama Baridi hakumuuliza. Alikuwa anamtazama usoni.

Bwana Kanuni alirudi vivuli vikiwa virefu, kijiti cha meno mdomoni. Karatasi za kuhesabia hakuwa nazo. Alikuwa na kipimajoto. Akakichomeka kwenye kopo la mbele, akasubiri, akakitoa, akakionyesha kwa mlinzi ili awe shahidi.

"Joto limepita kiwango," alisema. "Kanuni inasema bidhaa ya baridi ikipita kiwango haiingii sokoni."

"Wewe ndiye uliyetuacha na mlango wazi," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa sauti ya mtu mwenye mikono mikubwa namna ile. "Umeondoka asubuhi. Umetuzimia mashine. Ukatuwekea mtu tusifunge."

Bwana Kanuni alikifuta kipimajoto kwa kitambaa safi, akakirudisha kwenye ala yake.

"Kipimajoto hakiulizi nani kaacha mlango wazi, fundi. Kinapima joto tu."

Vibarua wakakusanya vitambaa. Vibandiko vilibaki kwenye ndoo, pembe zote sawa kama zilivyokatwa. Mama Baridi alimshika mumewe mkono, kwa kuwa aliuona unakunja ngumi, na ngumi ile ingemfurahisha mtu mmoja tu pale uwanjani.

*

Usidhani hawakulalamika. Walilalamika kwa mdomo na kwa maandishi. Mkubwa aliporudi safarini aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasikitika. Akasema jambo lenyewe ni la kuhuzunisha, lakini kipimo ni kipimo, na yeye hawezi kuruhusu watu wale kitu kilichopita joto, je, mtoto akiugua? Hata nyinyi mna watoto. Kuhusu afisa, ataongea naye. Mama Baridi alimtazama yule mwanamama mwema mwenye miwani ya kamba akaona hakuna pa kumshika. Kila aliyekutana naye alikuwa na kanuni ya kusimamia na mtu wa kumlinda, isipokuwa wao.

Ikatoka amri kwamba mzigo uteketezwe kwa kufukiwa, na mwenye mzigo ndiye agharamie shimo, lori na tingatinga. Vilevile awepo mwenyewe ashuhudie. Yaani unanyang'anywa, halafu unatozwa nauli ya mwizi.

Alikwenda peke yake. Fundi alisema hawezi, na hakumlazimisha. Dampo lilikuwa nje ya mji, harufu inakupokea kabla hujafika. Lori likamwaga. Makopo yaliviringika, mengine yakapasuka, na kile cha ndani kilikuwa bado cha njano safi, laini, kizuri kabisa, kikiteleza juu ya takataka. Waokota chupa walisogea na ndoo zao wakafukuzwa kwa marungu. Bwana Kanuni alisimama pembeni na buti mpya za mpira, leso puani. Dereva wa tingatinga akafungua mlango wake akapaza sauti kuuliza aanze na lipi, maana palikuwa na rundo jingine la mchele ulioota ukungu.

"Anza na siagi!" alipaza Bwana Kanuni.

Tingatinga likanguruma. Mama Baridi aligeuza shingo pole pole.

"Umesema aanze na nini?"

Alimwona anafungua mdomo kurudia, halafu akaufumba. Akaishusha leso, akaipandisha tena.

"Mama, tumalize kazi," alisema. "Jua kali."

Mama Baridi hakuondoka. Alisimama akatazama mpaka udongo ukasawazishwa. Alikuwa amepania kulia siku ile, alijiandalia hata kitambaa, lakini machozi yalikataa. Badala yake alibeba lile neno, akalibana kifuani njia nzima ya kurudi.

*

Nyumbani, Bibi alikuwa sebuleni, mikono mapajani, bila kazi yoyote, yeye ambaye hakuwahi kukaa bila kazi. Fundi alikuwa sakafuni mbele ya friji bovu la jirani, ameshika bisibisi, hafungui kitu.

"Wamefukia?" aliuliza Bibi.

"Wamefukia, mama."

"Chote?"

"Chote."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Akasema basi, ndiyo dunia, alikiuza kiwanja kwa mkono wake na akakizika kwa mdomo wake, asimlaumu mtu. Alisema hivyo bila chozi, kama mtu anayesoma bei dukani, na Mama Baridi akaona hilo ndilo jambo asiloweza kulivumilia. Mzigo umekwenda, sawa. Kiwanja kimekwenda. Lakini hili la mwisho halikustahili kufukiwa nalo. Akapiga magoti, akamshika mama mkwe wake mikono yote miwili.

"Mama, nisikilize. Yule afisa mwenyewe, mwenye kanuni zake, dereva alimuuliza aanze na nini. Unajua alijibu nini? Alisema anza na siagi. Kwa mdomo wake, mbele ya watu."

Bibi alimtazama.

"Alisema siagi?"

"Siagi, mama."

"Hakusema ule mchanganyiko?"

"Hakusema mchanganyiko wala mafuta. Alisema siagi, kama ulivyosema wewe. Hukukosea."

Fundi alikuwa ameinua kichwa. Bibi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa, akaivua tena. Mama Baridi akadhani amempa faraja. Lakini aliyeinua uso hakuwa mtu aliyefarijiwa. Alikuwa ni yuleyule mwanamke wa zamani, wa kuonyesha kwa kidole hapa jiko, hapa dirisha langu.

"Basi kama ni siagi," alisema Bibi, "kwa nini wameifukia?"